Jiwe Katika Chungu cha Maharamia

Felista Andrea,
Ikombe,
Jumamosi, 13 Julai 2024.

Mwalimu Halima Muksini,
Shule ya Msingi Ufukweni.

YAH: WATOTO KUFUNDISHWA UHARAMIA, NA KUPOTEA KWA JIWE LANGU

Kichwa cha habari kimeshasema, sasa nieleze.

Mimi ni bibi mzaa baba wa Asifiwe Dickson, mwanafunzi wako wa darasa la tano. Siku za shule analala kwa shangazi yake huko kwenu, Ijumaa anarudi Ikombe kwa mtumbwi. Huenda hunijui. Mimi nakujua. Wewe ni binti wa Mzee Muksini mwenye duka la vitambaa Kyela mjini, na una mwaka mmoja tu tangu uanze kazi.

Ijumaa ya wiki iliyopita huyu mtoto alishuka mtumbwini amejifunga kitambaa cheusi jicho moja. Nikadhani anaumwa macho, nikaanza kutafuta dawa. Kumbe mzima. Akamsimamisha mdogo wake Eliya, mwenye miaka minne, akamwambia atoe mali yake yote au atoswe ziwani. Eliya akatoa kipande cha muhogo alichokuwa anakula. Nilipouliza mambo haya yametoka wapi, nikaambiwa ni somo la Historia. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba nikamaliza, na Historia yetu haikuwa na kunyang'anyana mihogo.

Hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni la pili. Uliwaambia watoto kila mmoja alete kitu ambacho nyumbani kwao wasingependa kipotee, mkitie kwenye chungu, mkifukie mchangani kama mali ya maharamia. Asifiwe alitii. Jumatatu aliondoka na jiwe langu la kusugulia vyungu, amelitoa kwenye kikapu changu bila kuniambia. Alhamisi mmekifukua chungu, kila mtoto amechukua chake, na jiwe halikuwamo.

Wewe ni mtu wa mjini, ngoja nikueleweshe. Chungu kikianza kukauka tunakisugua kwa jiwe la ziwani mpaka king'ae, ndipo tunachoma. Si kila jiwe linafaa. Langu lilikuwa la mama yangu, mfinyanzi ambaye wanunuzi pale soko la Lyulilo walikuwa wakimngoja kabla mtumbwi wake haujaonekana. Ni jeusi, bapa kidogo, dogo kuliko yai la bata. Upande mmoja lina bonde, ukilishika kwa mkono wa kulia dole gumba linaingia lenyewe. Bonde hilo halikuchimbwa na maji. Limechimbwa na kazi.

Asifiwe harudi shuleni mpaka jiwe lirudi.

Nijibu kwa maandishi. Simu ninayo, na ukipanda kule juu nyuma ya kanisa inashika, lakini maneno ya simu hayana ushahidi. Barua mpe Mzee Jubilate anayenivushia vyungu, aiweke ndani ya chungu tupu. Hii nimeifunga kwa uji wa muhogo. Kama imekufikia imefunguka, nijulishe.

Mwenye jiwe,
Felista Andrea

---

Sokoni Lyulilo,
Jumamosi, 13 Julai 2024, mchana.

Mama Felista, shikamoo.

Barua yako nimeipata hapa sokoni na bahasha haikuwa imefunguka. Mzee Jubilate amekaa ukingoni mwa mtumbwi ananingoja, kwa hiyo naandika haraka haraka, unisamehe mwandiko. Ndaga fijo kwa kuniandikia badala ya kunisema kwa watu.

Mama, sifundishi watoto kunyang'anya. Kitabuni kuna aya mbili tu kuhusu maharamia waliovizia meli za biashara huko pwani. Watoto walipozisoma hawakunyamaza tena. Walitaka kujua watu hao walikula nini, waligawanaje, nani alikuwa anawaadhibu. Nikaona kuliko wakariri aya mbili, wafanye kwa mikono yao. Tumefunga magogo kumi na mawili ya migomba tukapata merikebu, na inaelea. Tanga ni viroba vya mchele walivyovishona wenyewe. Wamepima ufukwe kwa hatua, wamechora ramani. Wameandika mkataba wao, maana hata maharamia walikuwa na sheria, tena kali, hasa kwenye kugawana. Asifiwe ndiye waliyemchagua nahodha. Ana sauti inayofika mwisho wa mstari.

Kuhusu chungu, kosa langu ni kusema kitu ambacho nyumbani wasingependa kipotee. Nilitegemea wangeleta gololi na vifungo. Vitu vyote nilivikagua mwenyewe kabla ya kufukia na sikuona kitu cha thamani. Kulikuwa na gololi, shanga, ufunguo, na picha ya mtoto mchanga. Siku ya kufukua, Asifiwe alisimama pembeni. Nilipomuuliza chake ni kipi, akasema hakuleta kitu.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima, Mama. Tuna hakika jiwe lilifika shuleni? Watoto wa umri ule wakipoteza kitu njiani huwa wanaogopa kusema.

Tafadhali mruhusu arudi Jumatatu. Merikebu haina nahodha.

Mwalimu Halima

---

Ikombe,
Jumamosi, 20 Julai 2024.

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara tano. Mara ya kwanza nilikuamini kidogo. Mara ya tano sikuamini hata tarehe.

Umeandika kwamba ulivikagua vitu vyote na hukuona kitu cha thamani. Hukuandika kwamba hukuona jiwe. Mtu ambaye hakuona jiwe huandika kuwa hakuona jiwe. Mimi nimefinyanga miaka mingi kuliko umri wako, na chungu chenye ufa sihitaji kukitazama, nakigonga kwa ukucha nakisikia. Barua yako nimeigonga.

Kisha ukamsingizia mtoto. Asifiwe nimemweka mbele yangu nikamuuliza mara tatu. Anasema alilitia chunguni kwa mkono wake. Nikimuuliza kilichofuata, anatazama miguu yake. Kuna kitu anakificha na sijui ni nani aliyemfundisha.

Ngoja niseme ninachowaza. Baba yako ana duka, na wageni wanaokuja kuogelea Matema lazima wapite mjini. Watu wale wananunua hata kinu kilichotoboka wakiambiwa ni cha kale. Jiwe la mfinyanzi, lenye alama ya dole gumba la mtu aliyekwisha kufa, wangelipenda sana. Sisemi umeuza. Nauliza tu nani alikishika kile chungu tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, na nataka majina yote.

Na hiyo ndaga fijo yako umeiweka ili nilegee? Mimi ni Mkisi. Wanyakyusa ndio wa kushukuriwa kwa ndaga.

Wiki hii nimefinyanga vyungu vinane. Nimevisugua kwa kokoto niliyookota, na mkono haukujua unakwenda wapi. Viwili vimepasuka motoni. Sita vina mikwaruzo kama vimechezewa na kuku. Mama yangu alikuwa wa mkono wa kushoto, watu walimcheka mpaka namna alivyoshika jembe, lakini hakuna aliyewahi kucheka chungu chake. Mimi watu husema nimerithi mkono wake. Sasa naogopa, Mwalimu. Naliandika neno hilo kwa sababu ni la kweli. Naogopa kwamba mkono wangu ulikuwa ni lile jiwe.

Jambo hili libaki kati yetu wawili. Usimuulize mfinyanzi yeyote wa Ikombe, na hasa usimuulize ndugu yangu yeyote.

Felista Andrea

---

Shule ya Msingi Ufukweni,
Jumamosi, 27 Julai 2024.

Mama Felista, shikamoo.

Sina uhakika barua hii itaondoka leo. Huu upepo wa kusini umelichafua ziwa, na Mzee Jubilate anasema hapaki vyungu vya watu ili akavivunje.

Maneno yangu ya barua ya kwanza sikuyapima. Niliandika nikiwa nimesimama. Chungu kilikaa stoo ya shule Jumatatu, tukakifukia Jumanne, tukakifukua Alhamisi. Ufunguo wa stoo ninao mimi na mwalimu mkuu. Baba yangu hajui chochote kuhusu jiwe, na dukani kwake anauza vitenge na mashuka.

Watoto wamelitafuta. Wamejigawa zamu kama mabaharia, wamepekua ufukwe kwa kufuata ramani yao, hatua kwa hatua. Nakutumia mawe matatu yaliyo karibu zaidi na maelezo yako, yamefungwa kwenye kitambaa. Huenda moja ndilo.

Nimekunakilia pia mkataba wao, ili uone kwamba si mafunzo ya wizi. Nahodha huchaguliwa na wote na wote wanaweza kumwondoa. Mali huwekwa katikati kabla mtu hajagusa fungu lake. Asiyepiga makasia hali. Kipengele cha nne ni cha Asifiwe mwenyewe, alikisimamia mpaka wenzake wakakubali: atakayeficha mali ya wote, au akajua iliko akanyamaza, ataachwa kisiwani peke yake na kibuyu kimoja cha maji.

Jambo moja nikueleze kabla hujalisikia kwa wengine. Jumamosi iliyopita, Mzee Jubilate akiwa bado hajanipa barua yako, nilikuwa sokoni nikamuuliza mama mmoja muuza vyungu jiwe la kusugulia linafananaje. Nikamwambia ni la Mama Felista, alilorithi kwa mama yake. Akaweka chini chungu alichokuwa anamwonyesha mteja. Akaniuliza, "Felista amekwambia alirithi?" Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, akaendelea kuuza. Baadaye nikaambiwa anaitwa Atupele.

Wiki ijayo tuna mtihani wa kati ya muhula. Mwachie mtoto aje afanye, hata kama akimaliza atarudi huko.

Halima

---

Ikombe,
Jumamosi, 3 Agosti 2024.

Mwalimu,

Mawe yako matatu nimeyapokea. La kwanza ni la kuzibia tundu la panya. La pili lina chembechembe, halijawahi kugusa udongo. La tatu nilitaka kulikubali, nikalishika, nikafumba macho, dole gumba langu likateleza. Ukinitumia la nne nitajua unanifanya mtoto.

Nani alikutuma kwa Atupele? Usiniambie habari za barua kuchelewa. Katika akina mama wote waliopanga vyungu pale Lyulilo, ukaenda moja kwa moja kwa yule. Atupele ni mdogo wangu, tumbo moja. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mgomba. Nataka uniandikie neno kwa neno alichosema, alichekaje, na nani alikuwa karibu anasikia.

Tangu siku hiyo haishi kupita uani kwangu. Zamani alikuwa akija mara moja kwa wiki kuomba moto. Sasa anakuja kila asubuhi bila kuomba kitu. Jana akainua chungu changu kipya, akakizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Akaniuliza, "Dada, siku hizi unasugua kwa nini?" Nikamjibu kwa jiwe. Akasema, "Lipi?" Nikajifanya naita kuku.

Asifiwe hakuja kwenye mtihani, na shuleni hatakuja. Usidhani nafurahi. Anakaa mlangoni anafundisha Eliya hesabu za hatua, kutoka jikoni mpaka ziwani, ziwani mpaka jikoni. Lakini nikimrudisha bila jiwe, kesho utaomba kitu gani kingine kutoka nyumbani kwangu?

Kipengele cha nne nimekisoma. Nimekibandika ukutani kwa uji. Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo navuka, napanda gari mpaka Kyela mjini, na barua zako zote nampelekea Afisa Elimu.

Felista Andrea

---

Ikombe, Ijumaa tarehe 9/8/2024

Shikamoo Mwalimu. Mimi sijambo. Barua hii nimeiweka kwenye chungu kikubwa chenye mstari mweupe, babu Jubilate nimemwomba akupe wewe tu na asimwambie bibi.

Mwalimu, siku ile ya kufukia chungu mimi nilikuwa nyuma ya merikebu nakaza kamba. Wewe hukuniona. Ulifungua chungu ukaangalia, ukatoa jiwe, ukacheka. Halafu ukalirusha ziwani kwa ubavu. Likaruka juu ya maji mara nne likazama.

Nilitaka kupiga kelele lakini nikaogopa kwa sababu ungejua nimelichukua kwa bibi bila ruhusa. Ndiyo maana nilisema sikuleta kitu. Bibi sijamwambia kwamba ni wewe. Nikimwambia atakuchukia na mimi nitaacha shule moja kwa moja.

Sasa nauliza. Kipengele cha nne kinasema anayejua mali iliko akanyamaza anaachwa kisiwani. Mimi najua na nimenyamaza. Je nahodha naye anaachwa? Nimekaa Ikombe wiki nne, nadhani ndiyo kisiwa chenyewe.

Bibi zamani akisugua alikuwa anaimba. Haimbi.

Ni mimi nahodha,
Asifiwe Dickson, darasa la V

---

Shule ya Msingi Ufukweni,
Jumamosi, 10 Agosti 2024.

Mama Felista, shikamoo.

Jiwe lako nililitupa mimi.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne, hii ni ya tano, ndiyo ninayoituma. Jumanne ile, tulipokuwa tunajiandaa kufukia, nilifungua chungu kuhakikisha hakuna kitu cha kuumiza mtoto. Nikakuta jiwe, kokoto tu. Sikujua ni la nani. Baadaye nilijiambia kwamba nilidhani kuna mtoto aliyekosa cha kuleta akaliokota njiani, nikamwonea huruma asije akachekwa. Hiyo si kweli. Niliona jiwe zuri la kurusha, maji yalikuwa yametulia, nikalirusha. Nilifurahi jinsi lilivyoruka.

Niliposoma barua yako ya kwanza pale sokoni nilijua hapo hapo. Mzee Jubilate aliniuliza kama nina homa. Ndipo nikaandika kwamba huenda mtoto alilipoteza njiani. Hilo linaniuma kuliko jiwe. Asifiwe alikwambia ukweli tangu siku ya kwanza, na mimi mwalimu wake nilimfanya mwongo kwa maandishi na sahihi.

Niliogopa kazi. Niliogopa pia jina langu. Huku mimi ni mgeni, binti wa watu wa dukani, nikiharibu kitu kimoja watasema tumekuja kuharibu vyote. Kila siku baada ya vipindi nimeingia majini mpaka kifuani, nikipapasa kwa miguu. Yale mawe matatu niliyatoa humo, siyo watoto. Chini kule kuna mawe meusi bapa maelfu na mimi silijui lako. Mtu akinipa sasa hivi nilishike, bado sitalijua.

Ukitaka kwenda kwa Afisa Elimu, barua hii ndiyo ushahidi, wala huhitaji zile nyingine. Naomba kitu kimoja tu, Asifiwe arudi darasani. Yeye hakuvunja kipengele chochote.

Uliniagiza nikuandikie alichosema Atupele neno kwa neno. Niliyaandika yote. Hakukuwa na zaidi. Na kwa kuwa leo nimeshavua nguo mbele yako, niruhusu nami niseme shaka yangu: mtu aliyeibiwa hutangaza kwa majirani wamsaidie kutafuta. Wewe umeibiwa, na unamficha mdogo wako. Kwa nini?

Halima

Nyongeza, Jumatatu 12 Agosti. Upepo umemzuia Mzee Jubilate, kwa hiyo nimefungua bahasha. Leo nimewaambia watoto. Wakakaa baraza juu ya merikebu, wakasoma kipengele cha nne, wakapiga kura. Thelathini na saba wamesema niachwe kisiwani, hakuna aliyekataa. Mmoja aliuliza kama nitaruhusiwa viatu, wakajadili, wakakubali.

---

Ikombe,
Jumapili, 18 Agosti 2024.

Mwalimu Halima,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikachukua barua zako zote nikazitia kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa nakwenda Kyela. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia Afisa Elimu, mazuri sana, usingebaki hata na chaki.

Atupele alinikuta nafunga mlango. Akauliza naenda wapi na kitenge cha kanisani siku ya Jumatano. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka nikasahau kuziba mdomo. Nikamwambia, "Naenda kumshtaki mwalimu, ametupa ziwani jiwe la mama."

Nilipolisikia lile neno limetoka, nikakaa chini pale pale mlangoni.

Uliuliza kwa nini namficha mdogo wangu. Basi soma. Mama alifariki mwaka 1993. Mimi ndiye mkubwa, lakini alikuwa akisema wazi kwamba jiwe ni la Atupele. Atupele ndiye aliyekaa naye, na naye ni wa mkono wa kushoto, mama alimwona kama amejizaa upya. Siku tuliyomzika, watu wakiwa uani, niliingia ndani nikapekua kikapu chake. Nikalikuta chini ya vitambaa, nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikatoka kulia na wengine. Miaka thelathini na moja nimesugua vyungu nikiwa nimeupa mgongo mlango. Atupele hakuniuliza hata siku moja. Hujui ilivyo kukaa jirani na mtu asiyekuuliza. Kila akicheka unadhani amejua, kila akinyamaza unadhani amejua.

Ndiyo maana nilikushuku wewe haraka vile, Mwalimu. Nilikuwa nimeshazoea kuwaza jinsi mwizi anavyowaza.

Atupele alikwenda nyumbani kwake, akarudi na kitambaa, ndani yake kuna jiwe. La kahawia, limechakaa kuliko langu. Akaniambia, "Shika." Nikalishika kwa mkono wa kulia, dole gumba likakosa pa kuingia. Akasema, "Sasa mkono wa mama." Nikalihamishia kushoto. Likaingia mpaka mwisho.

Mama alimpa siku nne kabla hajafariki. Akamwambia, "Nimemwekea mkubwa wako kokoto kikapuni. Atakwenda kuichukua, namjua. Asipokuta kitu atakuchukia wewe."

Unaelewa, Mwalimu? Mama alikuwa wa kushoto. Mimi mwenyewe nilikuandikia hivyo. Na mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba bonde la jiwe langu ni la dole gumba la kulia. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu miaka yote, yakakaa na kwenye barua, na sikuyaweka pamoja. Lile bonde nililokulilia nimelichimba mimi. Ulichorusha ziwani ni kokoto ya mama na miaka yangu thelathini na moja.

Nilicheka. Kisha nikalia, na sijui bado nilikuwa namlilia nani. Mama nimemkasirikia, kunijua kiasi kile na asinigombeze. Nimeona aibu mbele ya Atupele, aibu ya kutotazama mtu. Yeye anasema alikuwa anangoja niseme. Nikamuuliza, miaka thelathini na moja? Akasema vyungu vyangu vilikuwa vizuri, hakuona haraka. Hilo la mwisho bado nalishuku. Nadhani alikuwa anajifurahisha.

Kyela sikwenda. Mtu wa namna yangu akamshtaki nani.

Ila usidhani tumemalizana. Najua Asifiwe alikuandikia. Bakuli langu la uji wa muhogo lilipungua siku ambayo mimi sikufunga bahasha yoyote. Nimemwambia kwamba nahodha aliyeogopa si sawa na nahodha aliyeficha, na kwamba kisiwa chake kimeisha. Wewe chako bado. Hukumu ya watoto nimeipokea. Jumamosi ijayo panda mtumbwi wa Mzee Jubilate akirudi. Kibuyu cha maji kipo, na viatu wamekuruhusu. Kuna vyungu kumi na viwili vinangoja kusuguliwa, Atupele atakushika mkono wa kushoto na mimi wa kulia, tuone wewe ni wa upande gani.

Barua hii anakuletea Asifiwe mwenyewe. Jana alikwenda ziwani peke yake, akachagua jiwe lake, akasugua chungu chake cha kwanza. Kimetoka kibaya. Nilimwambia ni kibaya, na tukaimba.

Jiwe liko mfuko wa kulia wa sketi yake, amekataa kuliacha nyumbani. Ukilitazama ni kokoto tu, halina alama yoyote. Usilitupe.

Felista